Mtoto Amepona Malaria, Lakini Maneno Yamepungua

Mtoto wa miaka miwili au mitatu anapougua malaria kali, akashikwa na degedege, akalala bila fahamu siku moja au mbili, kisha akafumbua macho na kuomba maji, nyumba nzima humshukuru Mungu. Wana haki ya kushukuru, maana wengi hawafumbui tena. Mtoto anarudi nyumbani, anakula uji, baada ya wiki mbili anakimbizana na wenzake uwanjani. Hakuna anayekumbuka kuyahesabu maneno yake.

Miaka mitatu au minne baadaye mwalimu wa darasa la kwanza anawaita wazazi. Mtoto huyu, anasema, hafuati maagizo. Ukimtuma vitu viwili analeta kimoja. Akisimulia jambo, halina kichwa wala mkia. Nyumbani nako ameshapewa majina: mvivu, mzito, mkaidi. Kuna siku anachapwa kwa kosa la kutoelewa alichoambiwa.

Wasomaji wapendwa, mwezi huu tuzungumzie watoto hawa, kwa sababu wamo katika kila parokia yenye mbu. Tuzungumzie pia elimu ambayo wengi wetu hatujaizoea, yaani elimu ya usemi, lugha na usikivu. Mtaalamu wa elimu hii si mwalimu wa lugha wala si daktari wa upasuaji. Kazi yake ni kupima jinsi mtu anavyosikia, anavyoelewa, anavyopanga maneno na kuyatamka, kisha kumsaidia pale palipopungua.

Habari kubwa katika jambo hili haikutoka Ulaya. Imetoka Kilifi, pwani ya Kenya. Hapo, karibu na hospitali, kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989, na kwa miaka mingi madaktari wake wamekuwa wakichunguza malaria ya watoto. Hapo mwanzo swali lao lilikuwa la kufa na kupona. Baadaye wakauliza swali jingine: aliyepona, amepona kweli?

Julie Carter, mtafiti kutoka Uingereza, pamoja na wenzake wa Kilifi, waliwatafuta watoto waliowahi kulazwa kwa malaria kali, wakiwa sasa wamefikia umri wa miaka 6 hadi 9. Waliwagawa katika makundi. Kundi la kwanza lilikuwa la watoto 152 waliopata malaria ya kichwani, ile ya kupoteza fahamu. Kundi la pili lilikuwa la watoto 156 waliokuwa na malaria pamoja na degedege baya, yaani la muda mrefu, au la kurudiarudia, au la kushika upande mmoja wa mwili. Kundi la tatu lilikuwa la watoto 179 wa vijiji vilevile ambao hawakupatwa na hayo. Wote walipimwa kwa namna moja.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Katika watoto 179 wa kundi la tatu, 4 tu walikuwa na upungufu wa lugha, yaani kama 2 katika kila 100. Katika kundi la degedege baya walikuwa 14, sawa na 9 katika kila 100. Katika kundi la malaria ya kichwani walikuwa 18, karibu 12 katika kila 100. Kifafa nacho kilionekana zaidi katika makundi mawili ya kwanza kuliko katika la tatu.

Tuzitazame tarakimu hizi polepole, zisije zikamtia mzazi hofu isiyo na sababu. Watoto wengi waliopata malaria ya kichwani, kama 88 katika kila 100, hawakuonekana na upungufu wa lugha. Kwa hiyo mama ambaye mtoto wake alishikwa na degedege mwaka jana asianze kulia leo. Lakini 12 si jambo dogo. Katika darasa la watoto 60 wa kijiji ambacho malaria ni ya kila msimu, huenda wakawepo wawili watatu ambao ugonjwa ulishawaondokea, na alama yake ikabaki katika maneno yao.

Inakuwaje malaria ikaharibu maneno? Vijidudu vya malaria huingia katika chembe nyekundu za damu, na chembe hizo hunata katika kuta za mishipa midogo sana ya ubongo. Damu haipiti vizuri. Wakati huohuo sukari ya mwili inaweza kushuka, ubongo ukavimba, na degedege likaula nguvu uliobaki nayo. Ubongo wa mtoto mdogo ndio kwanza unajijenga, na lugha ni mojawapo ya majengo makubwa yanayojengwa katika miaka hiyo. Kwamba lugha ina mahali pake ndani ya ubongo, tumelijua tangu zamani. Mwaka 1861 daktari mmoja wa Paris, Paul Broca, alimpokea mgonjwa aliyekuwa akielewa mengi lakini akitaka kusema hutoka neno moja tu, “tan”. Alipofariki, Broca aliukuta ubongo wake umeharibika upande wa kushoto, mbele. Mtoto ana bahati kuliko mtu mzima: ubongo wake unaweza kutafuta njia nyingine, hasa akisaidiwa mapema.

Hapa ndipo watafiti wa Kilifi walipokutana na tatizo ambalo mzazi yeyote atalielewa. Utampimaje lugha mtoto wa Kigiriama au wa Kiswahili? Vipimo vilivyokuwepo vilitungwa Uingereza na Marekani. Vina picha za vitu ambavyo mtoto wa Kilifi hajawahi kuviona, na maswali yaliyofuata sarufi ya Kiingereza. Mtoto akishindwa kutaja picha ya kitu kigeni hatuwezi kusema ana ugonjwa. Mwenye kosa ni aliyeichagua picha. Ikabidi vipimo vitengenezwe upya, kwa lugha za nyumbani na kwa vitu vya nyumbani.

Tena Kiswahili hakijengwi kama Kiingereza. Chukua neno “nitakuletea”. Ni neno moja, lakini ndani yake yumo anayeleta, upo wakati ujao, yumo anayeletewa, na lipo tendo lenyewe. Mtoto wa miaka mitatu wa Kilindini au wa Kariakoo anakusanya yote hayo bila kufundishwa na mtu, na sisi wakubwa hatuoni ajabu. Mtoto mwenye upungufu wa lugha anaweza kujua neno “leta” na asiweze kuvipanga vile vipande vidogo vinavyotangulia na kufuata. Lakini mpimaji naye awe mwangalifu. Mtoto wa Nairobi akisema “kiti yangu imevunjika”, huenda anasema tu kama jirani zake wote. Huo si ugonjwa, hata kama bibi yake wa Unguja ataziba masikio.

Kazi hii ya kujua mtoto wetu mzima anasemaje imeendelea. Hukohuko Kilifi, Katherine Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno kwa Kiswahili na Kigiriama, ambazo mzazi husomewa na kuulizwa mtoto wake anayajua yapi. Jambo lililonipendeza ni kwamba mama asiyejua kusoma alikuwa shahidi mzuri, mradi aulizwe vizuri. Mwaka 2015 Nazneen Gangji na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town walitoa matokeo ya uchunguzi wa matamshi ya Kiswahili kwa watoto wadogo wa Tanzania wa miaka mitatu hadi mitano. Ilikuwa hatua ya mwanzo tu. Lakini bila kazi ya namna hiyo, mtaalamu hana kipimo cha kumwambia mzazi kama mtoto wa miaka minne anayesema “lafiki” badala ya “rafiki” amechelewa au bado yumo katika umri wake.

Kabla ya kuendelea na lugha, kuna mlango unaopaswa kufunguliwa kwanza, nao ni sikio. Mtoto yeyote anayechelewa kusema, awe aliugua malaria au hakuugua, apimwe usikivu kwanza. Wazazi wengi husema, “Huyu anasikia, nikipiga makofi anageuka.” Huenda ameuona mkono, au ameusikia upepo wa makofi shavuni. Na wapo watoto wanaosikia ngoma lakini hawasikii “s” na “f”. Kwao “saa” na “faa” ni neno moja. Kiziwi mchanga hulia na kuguguna kama wengine miezi ya mwanzo, ndiyo maana anawapotosha wakubwa. Watafiti wawili wa Marekani, Oller na Eilers, walionyesha mwaka 1988 kwamba tofauti hujitokeza baadaye: mtoto anayesikia huanza zile silabi zake za “bababa” na “mamama” kabla ya kumaliza miezi kumi hivi, na asiyesikia huchelewa. Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajaanza “bababa” apelekwe kupimwa. Usingoje kuambiwa kwamba hata baba yake alichelewa.

Siku hizi kichanga wa siku mbili anaweza kupimwa akiwa usingizini. Mwaka 1978 David Kemp wa London aligundua kwamba sikio zima, likipokea sauti, lenyewe hurudisha mlio mdogo sana, kama mwangwi. Kifaa kidogo huwekwa mlangoni mwa sikio na kuusikiliza mwangwi huo. Ukikosekana, mtoto anatakiwa kuchunguzwa zaidi. Hospitali zetu nyingi hazina kifaa hiki. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria wameonyesha kwamba hata simu ya mkononi, ikiwa na programu na visikizio vilivyorekebishwa sawasawa, inaweza kutumiwa na mhudumu wa afya wa kijiji kupima usikivu wa watoto wa shule.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilisema kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuiwa. Ni mambo tunayoyajua: surua, rubela kwa mama mjamzito, homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya kichanga, usaha wa masikio usiotibiwa. Dawa nazo zimo. Sindano ya gentamisini huokoa maisha ya vichanga, lakini ikizidi kipimo au siku inaweza kuua seli za sikio la ndani, na seli hizo hazioti tena. Kwinini huleta mlio masikioni, ambao kwa kawaida hutulia dawa ikiisha. Sindano tunazozinunua dirishani, bila cheti, ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Na sikio linalotoa usaha halitaki mafuta ya taa, wala maziwa ya mama, wala njiti ya kiberiti. Linataka kukaushwa na kupelekwa zahanati.

Sasa tuseme sikio limepimwa na ni zima, na tatizo ni lugha yenyewe. Nani atamsaidia mtoto? Hapa tuna uhaba mkubwa. Afrika Kusini ilianza kufundisha wataalamu wa usemi tangu miaka ya 1930, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Kwetu Afrika Mashariki, kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa na wageni wachache wa kujitolea, wanaokuja mwaka mmoja au miwili na kuondoka. Mgeni hodari anaweza kufanya mengi, lakini si rahisi kumfundisha mtoto kupanga “nitakuletea” kupitia mkalimani. Mpango wa kufundisha wenyeji ulijadiliwa Uganda miaka kadhaa, na Januari 2008 Chuo Kikuu cha Makerere kikapokea wanafunzi wake wa kwanza wa shahada ya tiba ya usemi na lugha. Ilikuwa ya kwanza Afrika Mashariki, na wanafunzi wake hawakutoka Uganda peke yake.

Shahada moja haijazi pengo la mamilioni ya watu. Ndiyo maana naona kazi nyingine ya Kilifi ina thamani sawa na shahada. Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao waliwaendea majumbani akina mama wenye watoto wasioweza kusema kabisa au karibu kabisa, wakawafundisha kutumia njia nyingine za mawasiliano: ishara, picha, na vitu halisi vya nyumbani. Kikombe kikionyeshwa, maana yake “nataka kunywa”. Mtoto anapewa vitu viwili achague kwa macho au kwa mkono. Hakuna mashine ya gharama. Taarifa yao ilitoka mwaka 2014. Ninayopenda katika njia hii ni kwamba mama haambiwi alete mtoto hospitalini kila wiki kwa nauli asiyonayo. Ujuzi unamfuata jikoni kwake.

Wazazi wengine huogopa kwamba mtoto akitumia ishara atakuwa mvivu wa kusema. Hofu hiyo haina msingi. Mtoto aliyepata njia ya kueleweka hupunguza hasira, na mara nyingi maneno hufuata. Kwa kiziwi, lugha ya alama ni lugha kamili yenye sarufi yake. Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, ya kwanza Tanzania, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Alama ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge. Neno “bubu” basi tuliache. Wengi wa tunaowaita hivyo wana sauti nzima. Hawakuwahi kusikia neno la kuiga.

Tufike kwenye mambo ya nyumbani. Kumkata mtoto kimeo hakumpi maneno. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, nacho hakishiki lugha. Wanaokikata kwa wembe wamewaletea watoto kutokwa damu nyingi, usaha, na maambukizo. Utando wa chini ya ulimi nao mara chache sana huwa ndio sababu ya kuchelewa kusema. Daktari auangalie kwanza.

Mtoto ambaye lugha yake imepungua anahitaji kusemeshwa, na kusemeshwa kwa utaratibu. Unapochambua mchicha, mwambie unachofanya, kwa sentensi fupi: “Nachambua mchicha. Hili bovu. Natupa.” Akisema “maji”, usimkosoe, mwongezee: “Unataka maji baridi.” Ukimtuma, mtume jambo moja kwanza, akilizoea, mawili. Ukimuuliza swali, hesabu kimyakimya hadi tano kabla ya kumjibia. Wengi wetu hatuwezi kungoja, na kaka zake hawangoji kabisa. Hadithi za jioni na vitendawili ni tiba nzuri kuliko redio, kwa sababu redio haingoji jibu. Wala usiiache lugha ya nyumbani kwa kudhani kwamba Kigiriama na Kiswahili pamoja ndivyo vilivyomchanganya. Lugha mbili hazileti ugonjwa wa lugha. Mtoto asemeshwe kwa lugha ambayo mama anaimudu vizuri kuliko zote.

Kwa umri, mzazi ashike haya. Miaka miwili, mtoto awe anaunganisha maneno mawili, kama “mama njoo” au “nipe maji”. Miaka mitatu, mgeni aliyefika nyumbani awe anaelewa sehemu kubwa ya anayoyasema. Akiwa nyuma ya hapo, au akiwa alikuwa anasema kisha akapunguza, nendeni hospitali ya wilaya mkaulize kitengo cha masikio, pua na koo, au kitengo cha mazoezi ya viungo, na huko mtaelekezwa. Wazazi wa Kenya wanaweza pia kwenda kwenye vituo vya serikali vya kupima watoto kielimu, vilivyoanzishwa mwaka 1984.

Na degedege lenyewe? Jina lake limetokana na ndege, na pwani wazee husema nyuni amempitia mtoto. Heshima kwa wazee wetu, lakini ule usemi kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa umewachelewesha wengi nyumbani saa zile ambazo ubongo unaungua. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimfukize, mkimbize hospitali. Dawa ya sasa ya malaria kali ni sindano ya atesuneti. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2010, uliohusu watoto zaidi ya 5,000 katika nchi 9 za Afrika, ambao Kilifi na Muheza zilishiriki, atesuneti ilipunguza vifo kwa zaidi ya asilimia 22 ikilinganishwa na kwinini. Chanjo za malaria nazo zipo: ya kwanza ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ya pili mwaka 2023. Ulizeni kliniki kama imefika kwenu. Chandarua kiendelee kutumika hata chanjo ikifika.

Mtoto akiruhusiwa kutoka wodini baada ya malaria ya kichwani, mwombe muuguzi aandike kwenye kadi ya kliniki tarehe aliyolazwa, siku alizokaa bila fahamu, mara alizoshikwa na degedege, na sindano alizopewa. Itunze kadi hiyo pamoja na cheti cha ubatizo. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, mwonyeshe mwalimu.